Umbali kati ya uzi na sumaku: historia ya mikro ya gitaa la umeme na safari yake hadi Kongo

0. Utangulizi

Mtu akilitazama gitaa la umeme kwa mara ya kwanza, jicho lake huvutwa na rangi, umbo na vifundo vya kuongezea sauti. Ni nadra kwake kuona jambo dogo lililo katikati ya ubao, yaani vipande viwili au vitatu vilivyolazwa chini ya nyuzi, kila kimoja kikishikiliwa na skrubu. Wanamuziki wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kinshasa huviita mikro, wakifuata Kifaransa. Skrubu zile hazikuwekwa kwa ajili ya kufunga tu. Zikizungushwa, mikro hupanda kuelekea nyuzi au hushuka, na mlio wa gitaa hubadilika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza skrubu hizo zilitoka wapi, zilijibu tatizo gani, na kwa nini elimu yake haikufika kwetu pamoja na gitaa lenyewe. Hoja yetu ni moja: chombo husafiri upesi kuliko sababu ya umbo lake. Mtu hupokea chombo, hupokea na jina lake, lakini sababu hubaki nyuma njiani. Isipofuatiliwa, hugeuka kuwa makosa ambayo watu hulaumiana kwayo.

Jambo lililotusukuma kuandika ni hili. Tulipokuwa wanafunzi tuliimba katika kwaya moja mjini Lubumbashi. Mpiga gitaa wetu alikuwa kijana stadi. Siku moja alishauriwa apandishe mikro zote hadi mwisho ili gitaa lishinde ngoma. Sauti iliongezeka kweli. Lakini tangu Jumapili ile nyuzi nene zikawa hazipatani tena na nyenzake. Kadiri alivyopiga karibu na mwili wa gitaa, ndivyo noti moja ilivyotoa kama sauti mbili zinazogombana. Tukalaumu nyuzi, zikabadilishwa. Tukalilaumu gitaa. Mwishowe tukalilaumu sikio la kijana mwenyewe, naye akaacha kupiga. Miaka ilipita kabla hatujatambua kwamba sikio lake lilikuwa zima, na kwamba kosa lote lilikuwa la milimita moja au mbili. Kwa hiyo makala haya ni historia, na kwa kiasi fulani ni deni pia.

1. Gitaa lililotafuta kusikika

Katika miaka ya 1920 bendi za dansi nchini Marekani zilikuwa zikikua. Tarumbeta, saksofoni na ngoma zilijaza ukumbi, na gitaa, chombo cha sauti ya upole, lilimezwa katikati yao. Mafundi walijaribu njia nyingi: kulifanya kubwa zaidi, kulitia nyuzi za chuma badala ya nyuzi za utumbo, hata kulitia ndani sahani za chuma zinazotetema. Njia hizo zilisaidia, ila zote zilitegemea ubao na hewa. Uzi ulitikisa ubao, ubao ukatikisa hewa, na hewa ikafika sikioni ikiwa imechoka.

Msingi wa njia nyingine ulikuwa umekwisha kuwekwa London tangu mwaka 1831, pale Michael Faraday alipoonyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, mkondo wa umeme huzaliwa katika waya ule. Jambo la lazima ni badiliko. Sumaku iliyotulia kando ya waya uliotulia haizai kitu. Na si lazima sumaku yenyewe isogee, kwani inatosha kipande cha chuma kitikisike mbele yake na kuyavuruga mazingira ya nguvu zake. Uzi wa gitaa ni kipande cha chuma kama hicho. Uzi wa tano ukipigwa bila kubanwa hutetema mara 110 kwa sekunde, na waya ulio chini yake hupokea umeme unaopanda na kushuka mara 110 kwa sekunde. Umeme huo ukikuzwa na amplifaya na kupelekwa kwenye spika, huwa sauti.

2. Los Angeles, 1931 hadi 1937

Aliyeifanya kanuni hiyo kuwa chombo cha kuuzwa ni George Beauchamp, mpiga gitaa la Hawaii aliyekaa Los Angeles. Gitaa la Hawaii hulazwa mapajani, na nyuzi zake hazibanwi kwa vidole bali huguswa kwa kipande cha chuma kinachoteleza juu yake. Mwaka 1931 kielelezo chake cha kwanza kilichongwa kwa mbao. Kilikuwa na mwili wa mviringo na shingo ndefu, hata watu wakakiita Kikaango. Mwaka 1932 Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker wakaanza kukiuza kikiwa kimetengenezwa kwa aluminiamu. Hataza aliyoomba mwaka 1934 ilitolewa tarehe 10 Agosti 1937.

Katika chombo kile sumaku mbili za umbo la kwato la farasi zilizipita nyuzi kwa juu kama matao ya daraja, na koili ya waya ikakaa chini. Nyuzi zilipita katikati, zikiwa zimezungukwa na sumaku. Kwa gitaa la mapajani hilo halikuwa na shida kubwa. Kwa mpiga gitaa wa kawaida, ambaye mkono wake wa kulia unataka uwanja mpana juu ya nyuzi, matao yale yalikuwa kizuizi. Ilibidi sumaku yote ishuke chini ya nyuzi. Iliposhuka, swali jipya likazuka: ishuke kiasi gani?

3. Skrubu zinaingia

Kampuni ya Gibson, iliyokuwa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilitoa jibu lake mwaka 1936 kwa gitaa lililoitwa ES-150. Sumaku zake nzito zilifichwa ndani ya mwili wa gitaa, na bamba jembamba la chuma likachomoza chini ya nyuzi zote sita. Mzigo huo wote ulining'inizwa kwa skrubu tatu zilizoonekana juu ya ubao. Kwa kuzikaza au kuzilegeza, fundi aliweza kuupandisha, kuushusha au kuuinamisha upande mmoja. Gitaa hilo lilipata sifa mikononi mwa Charlie Christian, aliyeingia katika bendi ya Benny Goodman mwaka 1939. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu, lakini alikuwa amekwisha kuwaonyesha watu kwamba gitaa linaweza kusimama mbele na kusema kama saksofoni.

Mwaka 1946 Gibson ilileta mikro nyingine, P-90, ambayo chini ya kila uzi ilikuwa na skrubu yake. Hatua hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Swali la kwanza lilikuwa umbali wa mikro nzima kutoka nyuzi zote. Sasa lilikuwa umbali wa kila uzi peke yake, kwa kuwa nyuzi hazilingani katika unene wala katika nguvu.

Huko California, katika mji wa Fullerton, fundi wa redio aitwaye Leo Fender, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, alikuwa akifuata njia nyingine. Gitaa lake la ubao mzima usio na tundu lilitoka mwaka 1950, na tangu mwaka 1951 likajulikana kwa jina la Telecaster. Mwaka 1954 likafuata Stratocaster lenye mikro tatu. Katika mikro za Fender fimbo sita za sumaku zenyewe husimama chini ya nyuzi, moja kwa kila uzi, na takriban mizunguko 8,000 ya waya wa shaba mwembamba kama unywele huzizunguka. Fimbo hizo hazipandi wala hazishuki, kwani urefu wake umepimwa kiwandani. Kinachopanda na kushuka ni mikro nzima, kwa skrubu za pembeni.

Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya mikro yenye koili mbili zilizopangwa kwa kinyume, ili mngurumo wa umeme wa majumbani ujifute wenyewe. Hataza ilitolewa mwaka 1959, na mikro yenyewe ilikuwa imekwisha kuwekwa katika magitaa tangu mwaka 1957. Nayo ilipewa njia mbili za kurekebishwa: skrubu mbili za kuipandisha yote, na skrubu sita chini ya nyuzi katika mojawapo ya koili zake. Basi katika muda wa miaka ishirini hivi mafundi wote wakubwa walikuwa wamefikia uamuzi mmoja bila kukaa baraza: umbali usiamuliwe kiwandani peke yake, bali uachwe mikononi mwa mpigaji.

4. Ukaribu na hasara yake

Kwa nini walifikia uamuzi huo? Msomaji atafikiri kwamba jambo ni rahisi: mikro ikikaribia, sauti huongezeka, basi ikaribie kadiri iwezekanavyo. Nusu ya kwanza ya fikra hiyo ni kweli. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali, hivyo hata nusu ya milimita husikika. Lakini sumaku haisikilizi tu. Sumaku huvuta pia. Inapousikiliza uzi kwa karibu, huuvuta kwa nguvu, na uzi unaovutwa hauwezi kutetema kwa uhuru.

Uzi uliopigwa hutetema juu na chini, na pia upande kwa upande. Sumaku iliyo chini yake huipunguza mbio mitetemo ya juu na chini kuliko ile ya upande kwa upande. Tuseme uzi hutetema mara 110 kwa sekunde upande mmoja na mara 109 upande mwingine. Noti moja itakuwa imebeba noti mbili, na zikikutana zitatoa sauti inayovimba na kunywea mara moja kila sekunde. Sikio huisikia kama ugomvi, na hakuna kupatanisha nyuzi kutakakoutuliza. Tena mvuto huo huunyang'anya uzi nguvu zake, na noti hufa mapema. Athari hii huonekana zaidi katika nyuzi nene, zikipigwa juu karibu na mwili wa gitaa, kwa mikro iliyo upande wa shingo. Ndilo hasa lililompata kijana wa kwaya yetu. Athari huwa kali zaidi pale sumaku zenyewe zinaposimama chini ya nyuzi, kama zilivyo za Fender, kuliko pale sumaku inapolala chini ya koili na kufikisha nguvu zake kwa kupitia skrubu za chuma.

Mikro ikishushwa mno, hasara ni nyingine. Uzi huwa huru na noti hukaa muda mrefu, lakini sauti hupungua, ule ukali wa mwanzo wa noti hulegea, na mtu akiongeza amplifaya huongeza na mngurumo. Kati ya hasara hizo mbili kuna uwanja mwembamba ambamo uzi huimba na mikro husikia. Kwa mikro za kawaida za Stratocaster, mtengenezaji hupendekeza kuanzia na milimita 2 upande wa uzi mnene na milimita 1.6 upande wa uzi mwembamba, kipimo kikichukuliwa toka chini ya uzi hadi juu ya fimbo, huku uzi umebanwa katika kijisehemu cha mwisho cha shingo. Uzi hubanwa hivyo kwa sababu hapo ndipo unapokaribia mikro zaidi. Upande wa nyuzi nene huachiwa nafasi kubwa, kwa kuwa nyuzi hizo hutetema kwa upana na kuvutwa kwa urahisi. Mikro ya karibu na daraja hupandishwa kuliko ya karibu na shingo, kwa kuwa karibu na daraja uzi husogea kidogo tu.

Namba hizo ni mahali pa kuanzia. Baada yake kazi ni ya sikio: robo ya mzunguko wa skrubu, kisha kupiga, kisha kusikiliza, kisha robo nyingine. Wahenga wetu walisema mtaka yote hukosa yote, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Fundi wa gitaa anazihitaji methali zote mbili, ya kwanza kwa ajili ya mikro iliyopandishwa mno, na ya pili kwa ajili ya jicho lake, ambalo sharti lishuke hadi usawa wa nyuzi ndipo lione mwanga ulio kati ya uzi na sumaku.

5. Desturi iliyosahau sababu yake

Historia ya fimbo za mwaka 1954 inatufundisha jambo ambalo mwanaisimu atalitambua mara moja. Wakati ule uzi wa tatu wa gitaa ulikuwa umezungushiwa waya mwingine juu yake, kama nyuzi nene zilivyo hadi leo. Msingi wake wa chuma ulikuwa mwembamba, na sauti yake kwa mikro ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo fimbo iliyo chini ya uzi wa tatu ilifanywa kuwa miongoni mwa zile zilizopanda juu zaidi, na ile ya uzi wa pili, ambao ni chuma kitupu, ikawekwa chini kabisa. Mpango huo ulikuwa na akili.

Katika miaka ya 1960 wapigaji wengi walianza kutumia nyuzi nyembamba zinazopindika kwa urahisi, na uzi wa tatu ukawa chuma kitupu. Sasa uzi wenye chuma kingi zaidi ulikuwa juu ya fimbo ndefu, ukapiga kelele kuliko wenzake. Katika miaka ya 1970 fimbo za Fender zilisawazishwa kwa kipindi. Lakini magitaa ya kuiga yale ya kale hutengenezwa hadi leo yakiwa na ngazi ileile ya mwaka 1954, ingawa wanunuzi wengi huyatia nyuzi ambazo ngazi hiyo haikukusudiwa kwazo.

Tusicheke. Lugha nayo hufanya hivyohivyo. Sisi wa Lubumbashi husema kaskazini na kusini kila siku, tukionyesha njia ya Kamina au njia ya Kasumbalesa. Maneno hayo yalizaliwa pwani, kutokana na kaskazi na kusi, pepo mbili zilizoendesha majahazi ya Bahari ya Hindi. Hapa kwetu hakuna jahazi wala pepo hizo. Neno limebaki, na sababu yake imebaki pwani. Tofauti ni kwamba neno kaskazini halimdhuru mtu kwa kusahau asili yake, ilhali fimbo ya sumaku iliyosahau sababu yake husikika vibaya kila uzi wa tatu unapopigwa.

6. Kobalti ya kwetu chini ya nyuzi

Tunapozungumza juu ya sumaku, hatuwezi kuipita Katanga. Mwaka uleule wa 1931 ambao Beauchamp alitengeneza kielelezo chake, mwanasayansi wa Japani, Tokushichi Mishima, alivumbua aina mpya ya chuma cha sumaku kilichochanganywa na nikeli na aluminiamu. Kutokana na uvumbuzi huo kulikuja jamii ya sumaku ziitwazo Alnico, jina lililounganishwa kutokana na aluminiamu, nikeli na kobalti. Aina yake iliyoenea sana, Alnico 5, ina kobalti takriban asilimia 24, na imetumika katika mikro nyingi za magitaa na katika spika.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mzalishaji mkuu wa kobalti duniani alikuwa Kongo, na kobalti hiyo ilitoka Katanga pamoja na shaba, kwanza chini ya Union Minière, kisha chini ya Gécamines. Hatuwezi kuinua fimbo moja na kusema hii imetoka Kolwezi. Lakini uhusiano huo ulidhihirika mwezi Mei 1978, wakati wapiganaji wa FNLC walipoingia Kolwezi, na jimbo wakati huo likiitwa Shaba. Soko la dunia likaingiwa na hofu, bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa, na watengenezaji wengi wa spika wakaacha Alnico na kuhamia sumaku za kauri, ambazo hazihitaji kobalti.

Katika mikro, Alnico ilibaki kwa magitaa ya thamani, na kauri ikawa ya kawaida katika magitaa ya bei nafuu. Mwanafunzi anayenunua gitaa la bei nafuu sokoni leo mara nyingi hupata mikro yenye kipande cha kauri kilichobandikwa chini ya vijiti sita vya chuma. Mvuto wake juu ya nyuzi si sawa na wa fimbo za Alnico, kwa hiyo namba za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mikro nyingine hazimfai bila kuzipima upya kwa sikio. Hapa tena chombo kimebadilika tumboni, sura ikabaki ileile.

7. Likasi 1952, Léopoldville 1953

Gitaa lilipoimba kwa Kiswahili cha Katanga, lilikuwa gitaa kavu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi tangu mwaka 1966. Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na kwa vidole viwili hivyo akaifanya besi itembee na wimbo ucheze juu yake. Wimbo wake wa Masanga ulivuka mipaka, na katika miaka iliyofuata yeye na Edouard Masengo walisikika hadi Nairobi, ambako waliacha athari kubwa kwa wapigaji wa huko. Katika gitaa kavu, umbali unaoamua sauti ni mwingine. Upo umbali wa kidole kutoka kwenye daraja, na wakati wa kurekodi upo umbali wa mikrofoni kutoka kwenye tundu la ubao. Mpigaji wa Katanga alijua umbali wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Wa pili aliujua mrekodi.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1953, Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa la jazi, alifika Léopoldville kufanya kazi na studio ya CEFA. Wanahistoria wa muziki wetu humtaja kuwa ndiye aliyeingiza gitaa la umeme katika Kongo. Vijana wa mji walilipokea kwa kasi ya ajabu. Katika African Jazz ya Joseph Kabasele, Nico Kasanda, mzaliwa wa Kasai, alilifanya gitaa la solo liimbe kwa usafi uliompa jina la Docteur. Franco Luambo wa OK Jazz, orkesta iliyoanzishwa mwaka 1956, alilifanya lisisitize na kurudia hadi wachezaji wasiweze kukaa. Nico alipenda pia kupiga kwa mtindo wa Hawaii. Hivyo sauti iliyomsukuma Beauchamp huko Los Angeles ilikuja kusikika tena kandokando ya Mto Kongo.

Orkesta za Kongo zilikwenda mbali zaidi kwa kupanga magitaa matatu pamoja: la kusindikiza, la solo, na lile la kati liitwalo mi-solo. Mpango huo unadai usafi wa kila noti. Magitaa matatu yanaposukana, kila moja likiwa na nafasi yake, noti moja inayovimba na kunywea huharibu msuko wote. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba muziki wetu ni miongoni mwa ile inayohitaji zaidi elimu ya umbali kati ya uzi na sumaku.

8. Neno mikro na tatizo lake

Tumebakiza jambo la lugha. Kifaransa hutumia neno moja, micro, kwa chombo cha mwimbaji na kwa kipande kilicho chini ya nyuzi za gitaa. Nasi tulilirithi neno hilo katika maana zake zote mbili. Lakini vitu hivyo havifanyi kazi moja. Mikro ya mwimbaji husikia hewa, na mtu akiikaribia hupata sauti iliyo nene na ya karibu, bila kuzuiwa koo. Mikro ya gitaa haikuundwa kusikia hewa. Husikia chuma kinachotikisika. Weka nyuzi za nailoni juu yake, nayo itakaa kimya. Zaidi ya hayo, hiyo ya gitaa hukishika kile inachokisikiliza.

Ushauri aliopewa kijana wa kwaya yetu ulitokana moja kwa moja na jina hilo. Mwimbaji akitaka kusikika hukaribia mikro, basi uzi nao ukaribie mikro. Hoja ilikuwa sahihi kwa neno, ikawa potofu kwa kitu. Hatupendekezi kulifukuza neno ambalo mafundi wote wanalielewa. Istilahi inayobuniwa ofisini na kukataliwa karakanani haimsaidii mtu. Tunapendekeza tu kwamba anayelifundisha aongeze sentensi moja: mikro ya gitaa ni sumaku, na sumaku huvuta.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba skrubu ndogo za mikro zina historia. Zilizaliwa pale sumaku iliposhuka chini ya nyuzi, zikakua kwa kutambua kwamba kila uzi una haja yake, na zikaachwa mikononi mwa mpigaji kwa sababu hakuna kiwanda kinachoweza kujua atatumia nyuzi gani wala atapiga kwa nguvu kiasi gani. Chombo kilipofika kwetu mwaka 1953, kilifika na sauti yake na jina lake. Wanamuziki wetu waliitajirisha sauti hiyo kuliko wengi. Sababu ya skrubu, mara nyingi, ilibaki kuwa siri ya fundi mmoja mmoja.

Tunawaalika wanafunzi wa idara yetu wakusanye maneno ya karakana za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: jinsi mafundi wanavyoziita sehemu za gitaa, jinsi wanavyoeleza sauti iliyo chafu na iliyo safi, na jinsi wanavyomwagiza mwanagenzi azungushe turnevisi, ambayo vitabu huiita bisibisi. Ndani ya maneno hayo mna elimu ambayo haijaandikwa.

Kuhusu kijana wa kwaya yetu, sasa ni mtu mzima mwenye familia. Tulipomweleza habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama gitaa lile bado lipo. Lipo. Tulilishusha mikro kwa pamoja, milimita mbili upande wa nyuzi nene, tukapiga ule uzi wa tano juu karibu na mwili. Ukatoa noti moja.